MIZANI MBILI KATIKA KOPO MOJA



Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinamkataza mfanyabiashara kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja zito na moja jepesi. Mungu hakukataza biashara. Alikataza kumpimia huyu kwa jiwe hili na yule kwa jiwe lile.

Sisi watu wa Uyui na Unyanyembe tunalielewa neno hilo. Njia kuu ya misafara, kutoka pwani hadi Ujiji, ilipita katika nchi yetu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani, wakalipwa nguo na shanga kwa vipimo ambavyo mara nyingi vilipangwa na wengine. Misafara hiyo imekwisha, lakini jiwe la pili halijatoka mfukoni. Leo limefika kinywani mwa mtoto mchanga.

1. TUNAYOYAONA

Hapa Isikizya, kama katika miji mingine midogo ya nchi yetu, unga wa nafaka wa watoto uliotengenezwa viwandani umekuwa alama ya malezi bora. Mama mwenye kopo hilo huhesabiwa kuwa ameendelea. Mama mwenye uji wa mtama huona haya. Kopo lina picha ya mtoto mnene anayecheka, na maneno juu ya vitamini na madini ya chuma. Habari za sukari zimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo.

Mwezi Aprili 2024, shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na mtandao wa IBFAN unaotetea unyonyeshaji, lilitoa ripoti juu ya vyakula vya watoto vya kampuni ya Nestlé. Zilichunguzwa aina 115 za bidhaa za Cerelac katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Aina 108 zilikuwa zimeongezwa sukari, kwa wastani wa karibu gramu 4 katika kila mlo. Unga wa ngano wa watoto wa miezi sita ulikuwa na gramu 5.2 Ethiopia, 5.9 Senegal na 6.8 Nigeria. Gramu 4 ni sawa na kijiko kimoja cha chai. Lakini huko Ujerumani na Uingereza kampuni hiyo hiyo iliuza unga wa namna hiyo, kwa watoto wa umri huo, bila sukari ya kuongezwa.

Hatusemi kwamba kila kopo lililo madukani mwetu lina kiasi hicho. Tunasema kwamba kampuni moja inajua kutengeneza uji usio na sukari, nayo imechagua ni watoto gani wapewe.

2. TUNAPIMA KWA NURU YA IMANI

Tusikilize kwanza utetezi wao, maana haki yadai kumsikiliza hata yule tunayemlaumu.

Wanasema: sheria inaruhusu. Ni kweli. Kanuni za kimataifa za Codex, tume iliyoundwa na mashirika ya FAO na WHO, zinaruhusu katika unga huo sukari ya kuongezwa hadi gramu 7.5 kwa kila kalori 100. Yaani asilimia 30 ya nguvu yote ya chakula yaweza kutoka katika sukari hiyo. Mwaka 2006, katika mkutano uliofanyika Chiang Mai, Thailand ilipendekeza kiwango hicho kishushwe hadi asilimia 10. Marekani na Umoja wa Ulaya walipinga, na pendekezo likaanguka. Basi tujue ni nani waliotunga ruhusa hiyo ambayo leo twaambiwa tuiheshimu. Tena, sheria ya Ulaya nayo inaruhusu sukari, na hata hivyo kampuni iliuza huko unga usio na sukari. Kumbe sheria si sababu.

Wanasema: unga huu una madini ya chuma ambayo watoto wenu wanayakosa. Ni kweli kwamba watoto wengi wanayakosa, na kuyaongeza ni jambo jema. Lakini chuma hakihitaji sukari ili kiingie mwilini. Mtoto wa Ulaya hupewa chuma bila sukari. Kwa nini wetu auziwe vyote viwili katika furushi moja?

Wanasema: siku hizi tunatoa pia aina zisizoongezwa sukari. Tunalipokea hilo kama hatua. Lakini kilicho kawaida kwa mtoto mmoja kisifanywe bidhaa ya pekee kwa mwingine.

Na madhara je? Mtoto wa miezi sita ndiyo kwanza ajifunze ladha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: anayezoezwa utamu atautafuta utamu, na meno yake ndiyo yatakayoanza kulipa deni. Huko Uingereza sukari iligawiwa kwa kipimo wakati wa vita na baada yake, hadi Septemba 1953. Mwaka 2024 wataalamu walichapisha katika jarida la Science ulinganifu wa watu waliokuwa tumboni au wachanga kabla na baada ya tarehe hiyo. Wale walioanza maisha kwa sukari kidogo walipata kisukari cha ukubwani pungufu kwa takriban asilimia 35, na shinikizo la damu pungufu kwa asilimia 20. Magonjwa hayo mawili tunayajua. Kila tunapopeleka Komunyo kwa wagonjwa tunayakuta.

Katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II alikiri faida za soko huru, lakini akafundisha kwamba yapo mahitaji ya binadamu yasiyoweza kuachiwa soko. Afya ya mtoto asiyeweza kusema wala kuchagua ni mojawapo. Yeye hana fedha wala kura. Ana hadhi tu. Na hadhi haina daraja la Ulaya na daraja la Afrika.

3. TUJIPIME NA SISI

Tusinyoshe kidole tu. Nani hutia sukari vijiko viwili katika uji wa nyumbani ili mtoto amalize upesi? Nani humnunulia soda mtoto asiyejua kutembea? Na sisi watu wa Tabora, ambao asali yetu inasifiwa nchi nzima, tujue kwamba asali nayo ni sukari, tena mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe kabisa, kwani yaweza kubeba vijidudu vya botulizimu vinavyopoozesha mwili.

Wazee wetu waliijua njia nyingine. Mtama ukiloweshwa, ukaota, ukakaushwa, machipukizi na vimizizi vikaondolewa, ukasagwa, huwa kimea. Kijiko kidogo cha kimea huulainisha uji mzito na kuutia utamu kiasi wenyewe. Kisha urudishwe motoni uchemke. Ongeza karanga zilizosagwa, dagaa au yai, na mboga za majani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

4. TUTENDE

Msidhani kwamba sisi ni wadogo mno. Mwaka 1976 Masista wa Damu Azizi wa Marekani, wakiwa na hisa chache tu, waliishtaki kampuni ya Bristol-Myers kwa jinsi ilivyouza maziwa ya kopo katika nchi maskini. Mwaka 1978 kampuni hiyo ilikubali mapatano. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha Kanuni za kuuza vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi yetu nayo ilijiwekea kanuni mwaka 1994, na kuzitunga upya mwaka 2013.

Kwa hiyo tunaomba:

Kwanza, mama anyonyeshe bila kumpa mtoto kitu kingine kwa miezi sita, na aendelee hadi miaka miwili au zaidi. Baba ampunguzie kazi ili aweze.

Pili, kila Jumuiya isome nyuma ya kopo kabla ya kununua. Sukari ina majina mengi: sukrosi, glukosi, fruktosi, sirapu, asali. Likiwa mwanzoni mwa orodha, kiasi chake ni kikubwa.

Tatu, Halmashauri ya Walei iandike kwa wabunge na kwa Shirika la Viwango, TBS, kudai kwamba sukari ya kuongezwa ipigwe marufuku katika vyakula vya watoto walio chini ya miaka mitatu.

Nne, vikao na sherehe za parokia visipokee zawadi wala matangazo ya wauzaji wa vyakula hivyo.

MASWALI YA JUMUIYA
Je, ni nani aliyetufundisha kuuonea haya uji wa mtama?
Je, katika nyumba zetu mtoto hupimiwa kwa jiwe lipi?
Je, ni nani kati yetu atakayeiandika barua hiyo, na lini?

Wenu katika Kristo,
Tume ya Haki na Amani