Mtoto akiuliza: ‘Aliyeanguka kashinda vipi?’

Mchezo wa kuteleza kwenye barafu umeingia majumbani mwetu kupitia simu. Watoto wanatazama video fupi za wasichana wanaoruka na kuzunguka hewani kama pia, kisha wanaanza maswali. Mzazi ambaye barafu anayoijua ni ya kwenye friji anabaki kuuma midomo. Leo tuchukue maswali matatu. La mwisho ndilo linalotuhusu zaidi sisi walezi.

Kwanza: kwa nini aliyeanguka amemshinda ambaye hakuanguka?

Zamani majaji walitoa alama za jumla, na ya juu kabisa ilikuwa 6.0. Kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 ikazuka kashfa. Jaji wa Ufaransa alisema alishinikizwa kuipendelea jozi ya Urusi, ingawa baadaye aliikana kauli hiyo. Jozi ya Kanada, iliyokuwa ya pili, ikapewa nayo dhahabu. Mwaka 2004 shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, likapitisha utaratibu mpya.

Sasa kila mruko una bei yake, kama bidhaa dukani. Mruko uitwao Axel wa mizunguko miwili na nusu ni pointi 3.3, wa mitatu na nusu ni 8.0, na wa minne na nusu ni 12.5. Jopo la wataalamu hukagua video kuhakikisha mizunguko imetimia. Kisha majaji tisa hupima ubora, kuanzia -5 hadi +5, na kila hatua ni asilimia 10 ya bei. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, zilizobaki zinatafutiwa wastani. Juu ya hapo kuna alama za mpangilio wa onyesho, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza.

Tupige hesabu. Msichana anaruka Lutz ya mizunguko minne, bei yake 11.5. Anaitimiza hewani, lakini anaanguka akitua. Majaji wakimpa -5 anapoteza nusu ya bei, na kuanguka kunamkata pointi moja zaidi. Anabaki na 4.75. Mwenzake aliyetua salama Axel ya mizunguko miwili na nusu, bila nyongeza, ana 3.3. Aliyeanguka ameondoka na pointi nyingi zaidi kwenye mruko huo. Ndiyo maana wengi wanathubutu.

Pili: mbona mchezaji fulani hakwenda Olimpiki?

Kwa sababu nafasi ni ya nchi. Kwa Olimpiki ya mwaka 2026 kulikuwa na nafasi 29 za wanawake wanaocheza mmoja mmoja, na nyingi zilipatikana kwenye mashindano ya dunia ya Boston, Machi 2025. Nchi yenye wachezaji wawili au watatu hujumlishiwa namba za wawili waliofanya vizuri zaidi. Jumla isipozidi 13, nchi inaweza kupeleka watatu; isipozidi 28, wawili. Baada ya hapo chama cha nchi ndicho kinachoamua nani aende.

Mwaka 2014 Mirai Nagasu alikuwa wa tatu katika mashindano ya taifa ya Marekani, nchi ikiwa na nafasi tatu. Chama kikamchagua Ashley Wagner, aliyekuwa wa nne, kwa kuangalia matokeo yake ya nyuma. Nagasu alibaki nyumbani. Miaka minne baadaye alikwenda, akawa Mmarekani wa kwanza mwanamke kutua ile Axel ya pointi nane kwenye Olimpiki.

Tatu: mbona washindi ni watoto?

Hapa ndipo penye mzigo. Mwili mwembamba wa binti ambaye hajapevuka huzunguka kwa urahisi zaidi, na bei ya juu ikawafanya makocha wawakimbize mapema. Mwaka 2018 Alina Zagitova wa Urusi, akiwa na miaka 15, alipanga miruko yake yote nusu ya pili ya onyesho, kwa kuwa miruko ya wakati miguu imechoka ilikuwa na nyongeza ya asilimia 10. Akachukua dhahabu. Hakuvunja sheria yoyote. Baadaye mwaka huohuo nyongeza ikabanwa ibaki kwa miruko ya mwisho tu.

Mwaka 2022 Kamila Valieva, naye wa miaka 15, akakutwa na dawa ya moyo iliyopigwa marufuku, kisha akaanguka mbele ya dunia nzima na kumaliza wa nne. Adhabu ya miaka minne ilimwangukia yeye. Juni mwaka huo ISU ikapiga kura, 100 dhidi ya 16, kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka 15 hadi 17, hatua kwa hatua.

Mfikirie pia Alysa Liu wa Marekani. Alikuwa bingwa wa taifa akiwa na miaka 13. Akiwa na 16 alisema basi, akaacha. Alirudi miaka miwili baadaye kwa hiari yake, na mwaka 2025 akiwa na 19 akawa bingwa wa dunia.

Mzazi mwenzangu, watu wazima tukiweka bei juu ya kitu, watoto watakitafuta hata kwa kuumia. Iwe namba darasani au kikombe cha mpira, sisi ndio tunaopanga bei kwa kile tunachokisifu na tunachokinunia. Ripoti ikija, isome mstari kwa mstari kama karatasi ya majaji: hapa umepanda, hapa tufanye mazoezi. Na mtoto akisema amechoka, msikilize siku hiyohiyo. Kupumzika hakujamzuia Liu kufika.