Waridi la Minden na Oktoba 20 Yetu

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Sisi walimu wa lugha tunaipenda sana methali hii, na huwatwika wanafunzi wetu kila tunapotaka waenzi ya mababu. Ila ni nadra kujiuliza swali linaloifuata: mila hutunzwa vipi, na ni nani anayeamua kipi kitunzwe na kipi kiachwe kipotee? Leo nataka kulijibu swali hilo kwa mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji, yaani historia ya rejimenti moja ya askari wa miguu wa Uingereza, iliyojulikana kama Lancashire Fusiliers.

Katika jeshi la Uingereza, rejimenti si idadi ya askari tu. Ni mfano wa ukoo. Ina mahali ilipozaliwa, ina jina, ina nembo, ina siku zake za kuadhimisha, na ina masimulizi ambayo kila anayejiunga nayo hufunzwa kama vile mwari afunzwavyo unyagoni. Rejimenti hii iliundwa na Sir Robert Peyton mwaka 1688, wakati William wa Orange alipotua kusini-magharibi mwa Uingereza kwenda kuutwaa ufalme. Baadaye ikawa Rejimenti ya 20, na mwaka 1881 ikafungamanishwa na jimbo la Lancashire, makao yake yakiwa katika mji wa Bury, mji wa viwanda vya nguo. Neno fusilier lenyewe linatokana na fusil, jina la Kifaransa la bunduki ya gumegume.

Siku kuu ya ukoo huu ni Agosti 1. Siku hiyo mwaka 1759, karibu na mji wa Minden huko Ujerumani, rejimenti sita za Waingereza zilitembea kwa miguu kuwaendea wapanda farasi wa Ufaransa. Huo ulikuwa mwendo wa ajabu, kwa maana askari wa miguu huwangoja wapanda farasi, hawawaendei. Wafaransa walirudishwa nyuma, lakini ushindi ulikuwa na gharama. Rejimenti ya 20 peke yake ilipata wafu na majeruhi zaidi ya 300. Mkuu wa jeshi aliiondolea zamu kwa sababu ya hasara hiyo, lakini askari wake wakaomba warejeshwe kazini. Inasimuliwa kwamba walipokuwa wakielekea vitani walipita kwenye bustani, wakachuma mawaridi na kuyachomeka katika kofia zao. Tangu hapo, kila Agosti 1, askari wa rejimenti hii walivaa waridi kofiani, na afisa ambaye hajawahi kufanya hivyo alipewa waridi lililotiwa katika mvinyo wa shampeni, akalila mbele ya wenzake.

Mtu anaweza kucheka. Mimi sicheki. Kazi yangu ni isimu, na isimu imenifunza kwamba neno halina maana ndani yake lenyewe. Maana huletwa na watu wanaokubaliana na wanaorudia. Waridi nalo halina vita ndani yake. Limepewa vita na watu waliolivaa siku ile ile, mwaka hadi mwaka, kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Hivyo ndivyo mila inavyotunzwa: kwa tarehe, kwa kitu kinachoshikika, na kwa kurudia.

Lakini lugha ina upande wa pili. Kila unapochagua kutamka jambo moja, unaacha jingine bila kulitamka. Tazama vita vya Spion Kop. Mwezi Januari mwaka 1900, rejimenti hii ilikuwa juu ya kilima hicho huko Natal, Afrika Kusini, ikipigana na Makaburu. Handaki lilikuwa la kina kifupi na risasi zilimiminika kama mvua. Baadhi ya askari wake, walipoona hakuna pa kujificha, walipunga vitambaa vyeupe kutaka kujisalimisha, hadi afisa mmoja aliyeitwa Thorneycroft akakimbia kuwakabili Makaburu na kukataa. Mwaka 1901 rejimenti ilitunukiwa unyoya wa rangi ya manjano wa kuvaliwa kofiani, kwa ushujaa ilioonyesha juu ya kilima kile. Ushujaa ulikuwapo, na vitambaa vyeupe pia vilikuwapo. Unyoya ukavaliwa na vitambaa vikaachiwa vitabu. Hata vijana wetu wanaoshabikia timu ya Liverpool hulitaja jukwaa la Kop kila wiki, bila ya kujua kwamba jina hilo ni la kilima cha maiti katika bara letu.

Simfanyii mtu kejeli. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu kaskazini mwa Uingereza, mwenzangu mmoja alinipeleka Bury Jumapili moja ya mwezi wa Aprili. Mji huo hukumbuka Aprili 25, 1915, siku ambayo batalioni ya kwanza ilitua kwenye ufuo wa Gallipoli, nchini Uturuki, chini ya mvua ya risasi. Askari sita wa batalioni hiyo walipewa nishani ya Victoria Cross kwa asubuhi ile moja. Kufikia mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, rejimenti ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 13,000. Niliwaona wazee wakipita na nishani vifuani, na watoto wa shule wakiwafuata nyuma. Nilisimama kwa heshima. Wafu ni wafu, na walio wengi walikuwa wana wa wafanyakazi wa viwandani.

Hata hivyo, nikiwa nimesimama pale, nilimkumbuka nyanya yangu. Yeye pia alikuwa na masimulizi yake kuhusu rejimenti hiyo hiyo, ingawa hakulijua jina lake. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Batalioni ya kwanza ya Lancashire Fusiliers ililetwa Nairobi kwa ndege kutoka eneo la Mfereji wa Suez, Misri. Usiku ule Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa, na kulipopambazuka malori ya askari wageni yalikuwa yakizunguka katika barabara za mji. Nyanya aliwaita Majoni, kama walivyoitwa na watu wengi, na kama wanavyoitwa askari wa Uingereza huko Nanyuki hadi leo. Kila alipolitamka neno hilo aliishusha sauti, hata miaka mingi baada ya uhuru.

Sidai kwamba maovu yote ya miaka ile yalitendwa na rejimenti hii moja. La hasha! Hali ya Hatari ilidumu hadi mwaka 1960, na waliohusika ni wengi: vikosi kadhaa, polisi, maafisa wa utawala, walinzi wa vijiji. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa. Mwezi Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri mbele ya bunge lake kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza majuto yake, na ikakubali kuwalipa walalamishi 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ninachosema ni kwamba waridi la Minden limehesabu Agosti 1 kwa uaminifu mkubwa, ila sikumsikia mtu pale Bury akihesabu Oktoba 20. Msema pweke hakosi.

Je, sisi tunaihesabu? Hapo ndipo penye uchungu. Oktoba 20 ni sikukuu yetu ya kitaifa. Ilikuwa Siku ya Kenyatta, na baada ya Katiba ya mwaka 2010 ikawa Siku ya Mashujaa. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya ni jambo gani lililotokea tarehe hiyo mwaka 1952. Wengi hunijibu kwamba ni siku ya kupumzika na kusikiliza hotuba. Wachache hutaja kukamatwa kwa Kenyatta. Sijampata bado aliyezitaja zile ndege kutoka Misri. Siwalaumu wao. Tumewapa tarehe bila waridi.

Najua wapo watakaoniambia kwamba kumfundisha mtoto wa Kenya historia ya rejimenti ya mkoloni ni kasumba. Mimi naona kinyume. Kasumba ni kuijua Minden na kutoijua Nairobi. Na kutoijua Minden ni kushindwa kuelewa jinsi mwenzako alivyofaulu kukumbuka yake hata ukasahau yako.

Nina pendekezo kwa walimu wenzangu. Kila mwaka, kabla ya Oktoba 20, mpe kila mwanafunzi kazi moja. Amwendee mzee wa kwao, amwombe neno moja la miaka ya Hali ya Hatari, aliandike katika daftari pamoja na maana yake na mahali lilipotumika. Atarudi na Majoni. Atarudi na kipande. Atarudi na gakunia, jina la yule mtu aliyevishwa gunia kichwani na kutobolewa matundu ya macho, akawaonyesha askari nani wa kukamatwa. Maneno hayo ndiyo mawaridi yetu, na wanaoyajua kwa kuyaishi wanatutoka kila siku.

Lakini tusiyachague maneno matamu pekee. Aliyekuwa ndani ya gunia alikuwa jirani yetu. Walinzi wa vijiji walikuwa ndugu zetu, na askari wengi wa King's African Rifles walikuwa Waafrika. Tukivificha vitambaa vyetu vyeupe, tutakuwa tumejitengenezea unyoya wa manjano, wala si historia.

Mwaka 1968 Lancashire Fusiliers iliunganishwa na rejimenti nyingine tatu, na jina lake likafutwa katika orodha ya jeshi. Hata hivyo, kila Agosti 1 warithi wake wangali wanavaa waridi. Rejimenti imekufa, kumbukumbu yake i hai. Sisi taifa letu li hai. Tuchunge kumbukumbu yetu isitangulie kufa.