DHAHABU YA BULYANHULU NA KARATASI ZAKE

Katika mkutano wa tawi hapa Kakola mzee mmoja alisimama akatuuliza: "Wanangu, dhahabu hii ni yetu ama si yetu? Na kama ni yetu, mbona kesi zake zaamuliwa Ulaya?" Baadhi ya vijana walicheka. Sisi hatukucheka, maana katika mkutano mzima hakukuulizwa swali kubwa kuliko hilo.

Kwamba ni yetu hakuna ubishi. Umoja wa Mataifa ulikwisha tamka mwaka 1962 kwamba kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya utajiri wa ardhi yake, na Bunge letu likatunga sheria ya maneno hayo hayo mwaka 2017. Lakini kuwa na ng'ombe ni jambo moja, na kujua nani anamkamua ni jambo jingine. Mgodi huu ulipofunguliwa mwaka 2001 kampuni iliyoshika leseni ilikuwa imeandikishwa hapa hapa nchini. Tangu 2010 mama yake alikuwa katika soko la hisa la London, na bibi yake, Barrick, yuko Toronto. Mjukuu akidaiwa husema fedha ziko kwa mama. Mama akidaiwa husema yeye ni Mwingereza, hana makazi Tanzania. Ndivyo ilivyobishaniwa katika kesi ya kodi ya gawio la wenye hisa, mpaka baraza la rufaa za kodi likaamua mwaka 2016 kwamba kampuni ile ya London ni mkazi wa Tanzania kwa mambo ya kodi. Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2020. Twawaomba wenzetu waikumbuke kesi hii, kwa sababu haikupigiwa ngoma hata kidogo, na ilishindwa na wanasheria wetu wenyewe katika mahakama zetu wenyewe.

Iliyopigiwa ngoma ni ile ya makinikia. Machi 2017 Serikali ilizuia mchanga ule wenye dhahabu, shaba na fedha usitoke nchini, na makontena 277 yakakutwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili za maprofesa, Mruma na Osoro, zikatoa taarifa zake. Kisha kampuni ikaletewa hati ya madai ya dola bilioni 190, yaani zaidi ya pato la taifa zima kwa miaka mitatu. Kampuni nayo ikajibu kwa kutaka usuluhishi wa kimataifa, kama mkataba wa zamani ulivyoiruhusu. Mwisho wake twaujua: Januari 2020 Serikali na Barrick walitia sahihi, dola milioni 300 zikakubaliwa kumaliza madai, Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa bila kulipia, ikaundwa Twiga, na faida za kiuchumi zikapangwa kugawanywa nusu kwa nusu.

Kutoka bilioni 190 hadi milioni 300 ni mteremko mrefu, na mwanachama anayeuliza zilikokwenda zile nyingine asiitwe msaliti. Hata hivyo sisi twasema mapatano yale yalikuwa na maana. Zile asilimia 16 hazikuwapo kabla, na zilipatikana mezani.

Sasa tazameni upande wa pili. Sheria za mwaka huo huo 2017 zilifuta leseni za kuhodhi maeneo, na Januari 2018 wenye leseni hizo wakaambiwa zimekufa. Walikuwa wachache, tena baadhi yao wadogo kuliko Barrick. Wakachukua mikataba ya kulinda vitega uchumi ambayo Serikali yetu ilikuwa imetia sahihi na Uingereza mwaka 1994 na Kanada mwaka 2013, wakaenda katika baraza la Benki ya Dunia la kuamua mashauri ya namna hiyo. Winshear ililipwa dola milioni 30 kwa mapatano ya 2023. Wenye nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, walipewa hukumu ya zaidi ya milioni 109, wakakubali 90 mwaka 2024. Montero, ya Wigu Hill kule Morogoro, ikapatana kwa milioni 27. Jumla ni milioni 147, karibu nusu ya zile tulizokubaliwa na Barrick, na hapo hatujahesabu mishahara ya mawakili.

Wako watakaosema kwamba kuandika haya katika gazeti la Chama ni kuwatetea mabepari. La! Mabepari hao walitushinda kwa karatasi ambayo sisi wenyewe tuliitia sahihi, na aliyetia sahihi bila kusoma hana wa kumlaumu. Sheria ya 2017 yasema mashauri ya utajiri wetu yaamuliwe nyumbani. Mikataba ile na mataifa yasema mgeni aweza kwenda nje. Nyumba moja haiwezi kuwa na milango miwili inayofunguliwa na funguo za watu wawili. Na mkataba wa namna hiyo hata ukivunjwa leo, kwa kawaida huendelea kumlinda aliyekwisha ingia kwa miaka mingi.

Sheria ya uwazi ya mwaka 2015 inataka mikataba ya madini iwekwe hadharani. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama. Basi mapatano ya 2020 yaletwe kwa Kiswahili, nakala nzima, katika ofisi ya Halmashauri ya Msalala, ili mzee wetu wa Kakola asomewe na mjukuu wake ukurasa kwa ukurasa. Na kabla mkataba mwingine wowote na nchi za nje haujatiwa sahihi, ujadiliwe kwanza bungeni waziwazi.

Ombi hili tumekwisha mpelekea katibu wa wilaya, na tunangoja tarehe ya kikao.