"Bado Mdogo": Malezi ya Kilebu na Majeraha Yanayofika Zahanati

Mara nyingi hali huwa hivi. Mtoto wa miaka sita hufikishwa zahanati na mama yake, kidole cha shahada kikiwa kimeviringishiwa kitambaa. Mhudumu akiuliza kilichomjeruhi, jibu huja pamoja na tabasamu la kuomba radhi: ni mbwa wetu wenyewe, bado mdogo, walikuwa wakicheza tu. Kidonda husafishwa, chanjo ya pepopunda hutolewa, daftari hujazwa, na mama hurudi nyumbani akiwa ametulia. Ndani ya maneno hayo mawili, "bado mdogo", yamejificha makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba mbwa mchanga hafundishiki. La pili ni kudhani kwamba mbwa mchanga hawezi kuwa na kichaa cha mbwa. Wahudumu wa afya wamezoea kulisahihisha hili la pili na kuliachia kundi lingine la wataalamu lile la kwanza. Huo ni mgawanyo wa kazi usio na msingi, kwa kuwa kosa moja hulilea jingine.

Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huzaliwa akiwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka baada ya wiki mbili hivi, na kuanzia wiki ya tatu meno ya utotoni, ambayo hufikia 28, huanza kuchomoza yakiwa membamba na makali kama sindano. Katika wiki hizo hizo, hadi kukaribia ya 12 au ya 14, akili yake huwa wazi kupokea dunia. Chochote anachokutana nacho bila kuumia, awe mtoto mpiga kelele, mzee mwenye mkongojo, pikipiki au mbuzi, hukihesabu kuwa jambo la kawaida. Asichokutana nacho hukiogopa baadaye, na mbwa mwenye hofu huuma.

Hayo si maneno ya wapenda mbwa. Huko Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, watafiti John Paul Scott na John L. Fuller walifuatilia makuzi ya mbwa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Katika jaribio moja la huko, lililochapishwa mwaka 1961, vilebu walilelewa na mama zao ndani ya uwanja wenye uzio, mbali na binadamu, kisha wakatolewa kwa makundi, kila kundi katika umri wake, ili wazoeshwe watu kwa wiki moja tu. Baada ya wiki ya tano, kadiri walivyocheleweshwa ndivyo walivyozidi kumwogopa mtu. Wale ambao hawakuguswa kabisa hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na juhudi za baadaye za kuwafuga hazikufua dafu. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wameliona.

Sasa na litazamwe linalofanyika katika nyumba nyingi. Mbwa hutafutwa ili alinde. Bango la "Mbwa Mkali" hutundikwa langoni kabla ya mbwa mwenyewe kufika. Kilebu huletwa akiwa na wiki nne au tano, kwa sababu mwenye mama mbwa amechoka kulisha vinywa saba, na siku hiyo hiyo hufungwa kamba au kutiwa bandani mchana kutwa ili asizoee watu. Wapo wanaomchokoza kwa fimbo. Wapo pia wanaoamini kwamba pilipili katika chakula humwongezea ukali, ilhali humwongezea maumivu ya tumbo tu. Kule kufungwa, kwa bahati mbaya, hufanya kazi yake barabara: humlea mbwa asiyeweza kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Mlinzi anayefaa ni yule anayewajua wa nyumbani na wageni wa kawaida, akabweka kwa asiyemjua. Mbwa anayemuuma kila mtu hufungiwa, na mbwa aliyefungiwa halindi kitu.

Kumwondoa kwa mama mapema kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Kati ya wiki ya tano na ya nane vilebu hufundishana kiasi cha kuuma. Anayembana mwenzake kwa nguvu humsikia akilia, na mchezo hukoma papo hapo. Mama naye hainuki bure anapochomwa na meno wakati wa kunyonyesha. Kilebu aliyekosa darasa hilo huja kulisomea kwenye vidole vya watoto wa binadamu. Ndiyo sababu kumsubiri hadi atimize wiki nane, hata kama jirani anasisitiza achukuliwe leo, ni jambo linalostahili ubishi.

Akishafika, atauma. Atauma pindo la kanga, ndala, mguu wa kiti na visigino vya watoto, na kati ya mwezi wa nne na wa saba, meno ya utotoni yanapong'oka na ya ukubwani kuchukua nafasi, atazidi. Huo si uovu wala dalili ya tabia mbaya: kilebu huchunguza dunia kwa kinywa. Lakini jambo la kawaida si lazima liachwe. Meno yanapogusa ngozi, mchezo usimame. Mkono uondolewe taratibu, mtu ageuke au aondoke kwa nusu dakika, kisha arudi kana kwamba hakuna lililotokea. Sharti ni kwamba kila mtu wa nyumba hiyo, tangu baba hadi dada wa kazi, afanye vivyo hivyo. Mmoja anayeruhusu mkono wake utafunwe kwa kuchekesha huvunja kazi ya wengine wote. Kilebu apewe cha kutafuna kilicho halali yake, hata kama ni kitambaa kizee kilichofungwa mafundo na kuloweshwa maji baridi. Mtoto afundishwe kusimama wima kama mti na kukunja mikono, kwa sababu mtoto anayekimbia huku akipiga mayowe ndiye mchezo mtamu kuliko yote. Hata hivyo, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa wa umri wowote.

Liko jambo ambalo wazazi hulielewa mara moja wakishaambiwa: kilebu huhitaji kulala saa 18 hivi kwa siku. Anayeuma kila kitu saa moja jioni mara nyingi ni yule aliyenyimwa usingizi na watoto waliorudi shuleni. Dawa yake ni kona yenye giza na utulivu.

Kuhusu fimbo, msimamo uwe wazi. Mbwa huunganisha adhabu au zawadi na kilichotokea sekunde hiyo, si dakika kumi zilizopita. Kilebu anayesuguliwa pua kwenye mkojo wa tangu asubuhi hajifunzi usafi. Hujifunza kwamba mkono wa binadamu ni hatari. Usafi huja kwa kumtoa nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, na kumpa kipande cha chakula pale pale anapojisaidia mahali panapotakiwa. Hatari kubwa zaidi ni kumpiga mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo. Aliyepigwa hadi akaacha kunguruma hakuacha kuuma. Ameacha kutoa taarifa.

Nyumba nyingi, hasa za pwani, haziruhusu mbwa kuingia ndani, na Waislamu huyahesabu mate yake kuwa najisi. Hilo si kizuizi. Mlinzi au kijana wa shamba anaweza kumzoesha uani, na mbwa atazoea sauti na nyendo za wengine bila kuguswa nao. Na desturi ya kuosha upesi penye mate ya mbwa ni desturi ambayo mhudumu wa afya angependa kuiona kila mahali.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapokutana na la pili. Kichaa cha mbwa husafiri katika mate na hakiulizi umri. Kilebu wa miezi miwili anaweza kuwa aliumwa na mbwa mgeni aliyepita uani usiku, au na mama yake mwenyewe. Ugonjwa nao hauji daima kwa hasira na povu. Uko ule wa kimya, ambao mnyama hulegea, taya huning'inia na mate hudondoka, na mwenye huruma humtia mkono kinywani akidhani amekwamwa na mfupa. Kwa binadamu, dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo 59,000 kwa mwaka, na takriban watu 40 kati ya kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15.

Nyumba ambamo kilebu huuma mara ishirini kwa siku haina tena namna ya kuitambua mara ya ishirini na moja. Mkwaruzo hauhesabiwi, mabadiliko ya tabia hayaonekani, na mama huyu wa zahanati husema kweli anaposema walikuwa wakicheza. Nyumba iliyomfundisha mbwa wake hushtuka anapouma, na mshtuko huo humfikisha mtoto kituoni siku hiyo hiyo.

Kinachotakiwa kufanywa hakina siri. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupakwa mafuta ya taa, majivu wala unga wowote. Mkwaruzo usiotoa damu nao unahitaji chanjo. Ngozi iliyotoboka ikatoa damu, au mate yaliyogusa kidonda kibichi, huhitaji chanjo pamoja na kingamwili zinazochomwa kwenye kidonda chenyewe. Chanjo inayochomwa ndani ya ngozi, kwa ratiba iliyopendekezwa na Shirika hilo mwaka 2018, hutolewa siku ya 0, ya 3 na ya 7. Mbwa asiuawe kwa hasira, bali afungiwe na kutazamwa kwa siku 10, na matibabu ya aliyeumwa yasisubiri siku hizo ziishe.

Mhudumu aulize maswali mengine mawili, ambayo hayachukui hata dakika: kilebu ana umri gani, na amechanjwa lini? Akijibiwa "bado mdogo", asiishie hapo, maana jibu hilo husikika hata kwa baadhi ya wachanjaji, ambao humrudisha aliye chini ya miezi mitatu. Ni kweli kwamba kinga aliyopewa na mama yake inaweza kupunguza nguvu ya chanjo ya mapema. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri vilebu wa umri wowote wajumuishwe katika kampeni, kisha warudiwe. Kampeni hulenga kufikia mbwa 70 kati ya kila 100, na mahali ambapo mbwa wengi hufa wakiwa wachanga na wengine wengi huzaliwa, wakiachwa vilebu lengo hilo halifikiki. Safari hiyo hiyo ya kwa mtaalamu wa mifugo itumike kwa dawa ya minyoo, kwa kuwa kilebu huweza kuzaliwa nayo, na mayai yake hubaki katika udongo ambao watoto huuchezea.

Katika maeneo mengi chanjo za bure hupangwa kandokando ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kilebu aliyezaliwa Oktoba, akisubiri siku hiyo, atakuwa na miezi 11. Meno ya utotoni atakuwa ameyang'oa yote.