Hanang Haikuwa Nchi Tupu

Mwandishi mmoja aliyenena kwamba ardhi ya Mbulu na Hanang ni tele na tupu, na kwamba atokaye mbali hahitaji ila fedha na azma ili ahamie huko, ameliona pori asilione kaburi. Kwa hoja hiyo hiyo ya utupu, katika miaka ya 1970, shirika la kilimo la serikali ya Tanzania, NAFCO, likiauniwa na serikali ya Kanada, lilitwaa ekari zipatazo 100,000 za uwanda wa Basotu kwa kilimo cha ngano. Kumbe yalikuwa malisho ya Wabarbaig, wafugaji waliohama na mifugo kwa majira ili nyasi zipumzike, na kuhama kwa mfugaji si kuacha milki. Palikuwapo bung'eda, vilima vya udongo walimozikwa wazee watukufu. Trekta zikavilima, ngano ikaota juu yake. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika hilo, wakashinda katika Mahakama Kuu, wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985.

Simkatazi mgeni, maana hata Wairaqw waliteremka kutoka Kainam, huko Mbulu, wakaenea. Lakini wewe unayekusudia kuhamia, kabla hujachimbia kigingi cha mpaka, waulize wazee njia ya ng'ombe yapita wapi, na nani amezikwa hapo.