Darasa Jipya Lisiwe Tanuri

Nina neno kuhusu darasa jipya tunaloambiwa litajengwa kando ya uwanja. Ati litakuwa kama haya tuliyo nayo: mawe, madirisha madogo, mabati juu, basi. Jamani! Sisi wa kidato cha tatu twayajua mabati hayo. Saa nane mchana hesabu haiingii kichwani, jasho linalowesha daftari. Mvua ikinyesha, mwalimu huandika ubaoni tu kwani sauti yake haisikiki.

Mabati yenyewe hayana hatia. Kule Gando, Burkina Faso, kwenye jua kali kweli kweli, Francis Kéré, mzaliwa wa hapo, alijenga shule ya msingi pamoja na wanakijiji, ikakamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari nayo ni ya matofali, ina matundu, na mabati yameinuliwa juu yake. Hewa moto hupanda, hupitia matunduni, ikachukuliwa na upepo unaopita katikati. Stima haihitajiki. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker ya usanifu wa majengo. Hata Turkana yetu ana kituo cha mafunzo chenye minara ya kutoa joto, alioiga vichuguu vya mchwa.

Wapo watakaocheka, ati udongo ni wa maskini. Wacheke. Ninachoomba ni kwamba kamati ya ujenzi, kabla ya kuagiza mawe, ije iketi nasi darasani siku moja tu, saa nane.