Degedege si Shetani

Hapa Fukayosi bado tunasikia kwamba degedege ni kazi ya shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa.

Tutazame ukweli. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwapima kwa MRI watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Mashine hiyo hutumia sumaku, nayo huweza kufuata hata mwendo wa maji ndani ya ubongo. Mwaka 2015 walieleza: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Ubongo ukivimba hivyo, hubana sehemu inayoongoza pumzi. Kwa waliopona, uvimbe ulipungua.

Basi mtoto mwenye homa akikakamaa, tusimpitishe kwanza kwa mganga. Tumpeleke kituo cha afya saa ile ile.